Kaa Kitako

Barua nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ina machozi,
nikaichana juu ya sinki la chumba cha dawa.
Ya pili ilijaa hesabu:
miaka kumi na sita, wodi ya wanawake, Ibra,
wagonjwa kumi na mmoja kwa mikono miwili,
kibofu kilichofunzwa subira kwa nguvu.
Ya tatu ina mstari mmoja.
Naomba kuacha kazi.

Sista Lissy akaisoma amesimama
(sisi sote husoma tumesimama, hula tumesimama),
akauliza, "Sababu?"
Nikasema, "Uchovu."
Akacheka kidogo, si kwa ubaya.
"Nani hajachoka?"
Na miguu yake imevimba ndani ya soksi.
Nikaona haya, nusura niirudishe mfukoni.

Sikumwambia habari ya kitanda cha tisa.

Bi Ghaniya binti Nasor, miaka themanini na kitu.
Kiharusi kilimpokonya Kiarabu chote,
kikamwachia Kiswahili cha Wete, cha utoto;
wanawe wakawa wanamtazama
kama redio iliyokamata nchi nyingine.
Wodi nzima, mimi tu niliyeelewa anachosema.
"Mwiteni Raya," wakasema, "mwiteni Raya."
Nikawa muuguzi, na mkalimani juu yake,
kwa mshahara ule ule.

"Anua nguo, mwanangu, mvua yaja."
Nje joto digrii arubaini na nne,
milima imepasuka kama kisigino.
"Nishaanua, bibi."
"Na mikeka?"
"Na mikeka."
Akapapasa ukingo wa kitanda:
"Basi kaa kitako. Kaa kidogo."
Nikasema, "Nakuja sasa hivi."

Nakuja sasa hivi.
Hiyo ndiyo dawa niliyoigawa kuliko zote,
haina rangi, haina kipimo, haiandikwi kwenye faili.
Nilimpa mama wa kitanda cha nne, ndoo mkononi.
Nilimpa binti wa kitanda cha pili
aliyetaka tu kujua kama alikuwa wa kiume.
Nilimpa mwanangu Yaarub kwenye simu, saa tatu usiku,
daftari la hesabu liko wazi mbele yake.

Usiku ule kulikuwa na damu ya kutundika,
Sheeja ana homa, hatukuletewa mtu,
kompyuta imeganda,
nesi mgeni analia stoo katikati ya maboksi ya glavu.
Sasa hivi yangu ikafika
saa kumi na dakika ishirini, alfajiri.
Mkono wake ulikuwa bado pale ukingoni,
kiganja juu,
umenishikia nafasi.

Wanawe walinishukuru. Waliniletea bakuli la halua.
Lipo jikoni mpaka leo, sijalifunua.

Mama anasema kazi ya serikali haiachwi,
watu wanaililia na vyeti mikononi.
Anasema, kazi mbi si mchezo mwema.
Najua, mama. Kwani nilikwenda kucheza?
Saud hakusema kitu.
Alihesabu kwa vidole: gari, ada, nyumba, ada,
vidole vikamwishia,
akakunja ngumi, akaiweka polepole gotini kwangu,
ikafunguka huko.

Viatu vyeupe nimevitoa nje ya mlango.
Sikuvitupa. Sijui kwa nini sikuvitupa.
Labda Sista Lissy atapiga simu;
labda nitajua jibu, labda sitajua.

Leo asubuhi nimekaa kitako, sakafuni, sebuleni,
miguu haijui pa kuiweka.
Chai imepoa kwa wakati wake, bila haraka.
Halafu mashine ya kufulia ikalia,
mlio ule ule, wa kitanda cha tisa hasa,
na mimi nishasimama,
mdomo wazi,
neno limekwisha fika ulimini.